Kupima Kasi ya Kitu Kinachorushwa Bila Kutumia Saa: Mwongozo wa Maabara ya Shule

Kila mwaka ninapofika kwenye urushaji wa mlalo pamoja na wanafunzi wa Kidato cha Tatu hapa Kisumu, swali la kwanza huwa la bunduki, wala si la gololi iliyo mkononi mwangu. Mtu akifyatua risasi mlalo kabisa juu ya uwanja tambarare, na papo hapo mwenzake akaachilia risasi nyingine idondoke kutoka kimo kilekile cha mtutu, ni ipi itakayogusa ardhi kwanza? Karibu darasa zima hujibu kwamba ni ile iliyodondoshwa, kwa kuwa ile ya bunduki ina nguvu za kuishikilia hewani. Jibu sahihi, tukiuweka kando upinzani wa hewa, ni kwamba zote mbili hugusa ardhi kwa wakati mmoja. Muda ambao kitu hukaa hewani huamuliwa na mwendo wake wa wima peke yake, na mwendo wa mlalo hauna sauti katika jambo hilo. Anayekijua kimo, basi, ameshaujua muda, na saa ya mkononi anaweza kuiacha mezani.

Kabla ya kuandaa kifaa chochote, ni vyema kulithibitisha jambo hili kwa masikio. Weka sarafu moja ya shilingi ishirini ukingoni mwa meza, nusu ikiwa nje. Laza rula juu ya meza, uishikilie kwa kidole kimoja karibu na katikati ili iweze kuzunguka kama mkono wa saa, na uweke sarafu ya pili juu ya ncha ya rula inayochomoza nje ya meza. Sasa igonge rula kwa kasi upande, ili ncha yake iipige sarafu ya kwanza iruke mbele, huku sarafu ya pili, ambayo rula imeiponyoka chini yake, ikianguka karibu wima. Waambie wanafunzi wafumbe macho wasikilize. Sarafu moja itaangukia miguuni pako na nyingine itafika karibu na mlango, lakini sakafu italia mara moja tu. Mwaka jana msichana mmoja alinikatalia kabisa, akasema, "Mwalimu, moja imepotea, hiyo ilikuwa sarafu moja," nasi tukarudia mara nne mpaka akaridhika. Sikumlaumu, kwa kuwa sikio huamini haraka kuliko kichwa, na yeye alikuwa anatumia kichwa.

Vifaa na namna ya kuvipanga

Unahitaji meza imara, kipande cha reli ya pazia ya alumini chenye urefu wa mita moja hivi, mpira wa chuma wa beringi, uzi wenye kizito cha kufanya timazi, karatasi nyeupe, karatasi ya kaboni, utepe wa kupimia na gundi ya karatasi. Mpira wa beringi ya lori wenye kipenyo cha milimita 19 na uzito wa gramu 28 hivi unafaa sana. Mafundi wa jua kali huwa nayo mingi kutoka kwenye beringi zilizokufa, nami niliupata wangu Kibuye kwa kuomba tu. Gololi ya kioo itafanya kazi pia, ila ni nyepesi, na alama yake kwenye karatasi ya kaboni huwa hafifu.

Ikunje reli polepole iwe mteremko unaoishia na sehemu fupi iliyo mlalo, kisha ifunge mezani ili ncha hiyo ya mlalo iwe sawasawa na ukingo wa meza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Katika jaribio langu la kwanza kabisa, nikiwa mwalimu mgeni katika shule nyingine, niliona masafa yanazidi hesabu kila mara, nikailaumu meza, nikaulaumu mpira, na nikakaribia kuulaumu mvutano wa dunia, kabla ya kugundua kwamba ncha ya reli ilikuwa imeinuka juu kidogo. Digrii 3 tu, ambazo jicho halizioni kwa urahisi, hurefusha masafa kwa zaidi ya sentimita 1 katika jaribio la ukubwa huu. Dawa yake ni rahisi: weka mpira kwenye sehemu ya mlalo ya reli na uuachilie bila kuusukuma. Ukibingirika kuelekea nje, ncha imeinama, ukirudi ndani, ncha imeinuka, ukitulia, endelea. Pimamaji ya fundi mwashi hairidhishi kwa kazi hii kwa sababu ni ndefu kuliko sehemu inayopimwa.

Ning'iniza timazi kutoka kwenye ncha ya reli na uweke alama sakafuni pale kizito kinapogusa, maana masafa yote yatapimwa kutoka alama hiyo, wala si kutoka kwenye mguu wa meza. Pima kimo kutoka sehemu ya chini ya mpira ukiwa kwenye ncha ya reli hadi sakafuni, na ukipime mahali ambapo mpira utaangukia pia, kwa kuwa sakafu nyingi za maabara huinamishwa kidogo kuelekea mfereji wa maji. Baada ya hapo uachilie mpira mara moja ili uone unaangukia wapi, bandika karatasi nyeupe mahali hapo, na uilaze karatasi ya kaboni juu yake, upande wenye wino ukitazama chini, bila kuibandika.

Weka alama moja kwenye mteremko, tuseme sentimita 20 wima juu ya sehemu ya mlalo, na uachilie mpira kutoka hapo mara kumi. Usiuachilie kwa vidole, kwa sababu vidole husukuma bila mwenyewe kujua. Uzuie kwa rula, kisha iinue rula ghafla. Utapata kundi la vidoa. Chora duara dogo kuvizunguka na upime masafa hadi katikati ya duara. Kidoa kimoja kikikaa mbali na ndugu zake, usikifute, bali andika kando kwamba kipo na ueleze unachodhani kilitokea. Mwanafunzi anayefuta kidoa ili kazi ionekane safi ameanza tabia ambayo itakuwa vigumu kuiacha.

Kuutoa muda kwenye kimo

Kitu kinachoanza kuanguka bila kasi yoyote ya wima hushuka umbali wa h = ½gt², ambapo t ni muda na g ni mvutano wa dunia, na kwa hiyo t = √(2h/g). Karatasi za mtihani huagiza g ichukuliwe kuwa 10, na meza ya sentimita 80 hupendwa na watunzi wa maswali kwa sababu jibu linatoka sekunde 0.40 bila mkia. Sisi hata hivyo tunaishi kwenye ikweta, ambayo inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini Kisumu, na inapita pia kaskazini ya Nakuru karibu na Mogotio. Kwenye ikweta mvutano ni hafifu kuliko penginepo duniani katika kimo hichohicho: takriban 9.78 m/s², ukilinganishwa na 9.83 kwenye ncha za dunia, kwa sababu dunia inazunguka na imefura kidogo kiunoni. Ukitumia 9.78, meza ya sentimita 80 inatoa sekunde 0.404.

Tuseme katikati ya vidoa vyako ni sentimita 62 kutoka alama ya timazi. Kasi ya mlalo haikubadilika njiani, kwa kuwa hakuna kani ya maana iliyoukokota mpira huo mbele wala nyuma. Gawanya 0.62 kwa 0.404, nawe utapata mita 1.53 kwa sekunde. Umepima kasi kwa utepe peke yake. Ungetumia saa ya simu, kidole chako kingechelewa kwa kiasi cha sekunde 0.2, ambayo ni nusu ya muda wote uliotaka kuupima, na jibu lako lisingekuwa na maana.

Mwanafunzi mwepesi atakuja na swali zuri zaidi. Atasema kwamba mpira umeshuka sentimita 20, kwa hiyo nishati iliyohifadhiwa imegeuka nishati mwendo, na √(2gh) inatoa mita 1.98 kwa sekunde. Basi tofauti yote hiyo imekwenda wapi? Wengi hukimbilia msuguano, nao msuguano umo kweli, lakini mhusika mkuu ni mwingine. Mpira haukuteleza, ulibingirika, na sehemu ya nishati ililipia mzunguko huo. Kwa mpira mzima unaobingirika juu ya bapa bila kuteleza, sehemu mbili kwa saba za nishati mwendo huwa katika mzunguko, na kasi ya kwenda mbele inabaki √(10gh/7), yaani mita 1.67 kwa sekunde. Katika reli ya pazia mpira hukalia kingo mbili badala ya kugusa chini yake, kwa hiyo hulazimika kuzunguka haraka zaidi kwa kila sentimita ya safari, na kasi hupungua tena kidogo. Ukiongeza msuguano, 1.53 si ajabu hata kidogo. Binafsi naona sehemu hii ina thamani kuliko jaribio lenyewe, kwa sababu hapa pengo kati ya vipimo na hesabu limefichua kitu halisi, na mwanafunzi hana haja ya kulifunika kwa neno "kosa".

Ukitaka kuiona njia yenyewe, rekodi video kwa simu iliyosimamishwa imara upande mmoja wa meza, ukiwa umebandika rula wima ukutani nyuma ya mpira. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde. Sogeza video picha moja baada ya nyingine na utie alama mahali mpira ulipo kwenye karatasi ya plastiki iliyolazwa juu ya kioo cha simu. Hatua za mlalo zitakuwa sawa, ilhali za wima zitakua kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7. Uwiano huo Galileo aliupata bila simu na bila saa ya kuaminika, kwa kubingirisha mipira kwenye miteremko na kupima maji yaliyokuwa yakitiririka, na mwaka 1638 akachapisha hoja kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni parabola. Karne moja kabla yake, mwaka 1537, Tartaglia wa Italia alikuwa amewaandikia wapiga mizinga kwamba tufe hufika mbali zaidi mzinga ukielekezwa kwa digrii 45, jambo lililo kweli pale ambapo hakuna hewa na mahali pa kurushia pana kimo sawa na mahali pa kuangukia.

Uwanjani, ambako digrii 45 hazishindi

Sharti hilo la pili huvunjwa kila siku ya michezo. Mrusha tufe huliachilia tufe likiwa karibu na kichwa chake, si ardhini. Chukua kasi ya mita 10 kwa sekunde na kimo cha mita 1.8. Kwa digrii 45 tufe linaanguka mita 11.79 mbele, kwa digrii 40 linafika mita 11.89. Sentimita 10 hizo zinaweza kuamua medali, na hazikuhitaji msuli wa ziada. Pembe bora hutokana na tanθ = v/√(v² + 2gh), ambayo hapa inatoa digrii 40.7. Warushaji hodari hutumia pembe ya chini zaidi ya hiyo, kwa kuwa mwili wa binadamu husukuma kwa nguvu zaidi kuelekea mbele kuliko kuelekea juu, na masafa hukua kwa mraba wa kasi wakati pembe huchangia kidogo tu.

Mkuki ni hadithi nyingine, kwa sababu hewa imo katika mchezo tangu unapouacha mkono. Julius Yego, mzaliwa wa Nandi, alirusha mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Hesabu ya parabola isiyo na hewa inataka kasi ya takriban mita 30 kwa sekunde ili kufika umbali huo, sawa na kilomita 108 kwa saa. Hewa humzuia mrushaji na papo hapo humsaidia, kwa kuubeba mkuki kama bawa. Msaada huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba baada ya Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki kufikisha mita 104.80 mwaka 1984, viwanja vikaanza kuonekana vifupi, na kuanzia mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulisukwa upya, kitovu cha uzito kikasogezwa mbele ili uiname mapema.

Turudi kwenye bunduki

Sasa lile swali la mwanzo linaweza kujibiwa kwa tarakimu. Mtutu ukiwa mita 1.5 juu ya ardhi, muda wa kuanguka ni √(3/9.78), yaani sekunde 0.55. Risasi yenye kasi ya mita 800 kwa sekunde ingeenda mita 443 katika muda huo. Kwa kweli haitafika, kwa sababu kwa kasi hiyo hewa huikaba vikali, na mkabo huo huchelewesha kidogo hata kuanguka kwenyewe. Ndiyo maana nilisema mapema kwamba tunaiweka hewa kando. Hewa ya Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ni nyembamba kuliko ya Kisumu iliyo mita 1,130 hivi, kwa hiyo kitu chenye kasi kubwa hukabwa zaidi Kisumu kuliko Nakuru. Mifereji ya msokoto iliyochongwa ndani ya mtutu haiongezi kasi, kama vijana wanavyodhani. Kazi yake ni kuizungusha risasi, nayo risasi inayozunguka hukataa kupinduka, ingawa kuanguka huanguka kama ile isiyozunguka.

Wanafunzi hushangazwa zaidi na ulinganisho huu. Risasi ya gramu 8 kwa mita 800 kwa sekunde ina nishati mwendo ya jouli 2,560, lakini momenta yake, yaani uzito mara kasi, ni 6.4 kg m/s tu. Tufe la wanaume la kilo 7.26, likirushwa kwa mita 14 kwa sekunde, lina jouli 711 na momenta ya takriban 102. Kwa hiyo risasi huumiza kwa nishati na tufe husukuma kwa momenta, na zile picha za sinema ambamo mtu aliyepigwa risasi anarushwa ukutani zinapingana na hesabu. Kama risasi ingeweza kumrusha aliyepigwa, ingemrusha aliyefyatua vilevile, kwa kuwa momenta ya kurudi nyuma ni ileile: bunduki ya kilo 4 hurudi kwa mita 1.6 kwa sekunde, hata kabla ya kuhesabu msukumo wa gesi za baruti.

Hakuna sehemu ya mwongozo huu inayohitaji bunduki, na mtu asilete hata ya hewa shuleni. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haina mzaha na anayemiliki silaha bila leseni. Manati pia ibaki nje ya maabara, kwa sababu jicho moja lililopotea halirudi. Silaha pekee inayokubalika ni bastola ya kuanzishia mbio, na yenyewe inatufunza jambo moja: mwenye saa kwenye utepe wa mita 100 hubonyeza anapouona moshi, si anaposikia mlio, kwa kuwa mlio humfikia baada ya sekunde 0.29.

Kuhakikisha jibu kwa pendulamu

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza namna ya kupima kasi ya risasi wakati ambapo hapakuwa na saa ya kugawanya sekunde vipande vidogo. Aliipiga risasi ndani ya gogo lililoning'inia, akapima gogo limeyumba kiasi gani, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba upinzani wa hewa ni mkubwa kuliko wengi walivyodhani. Tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa mpira wetu wa beringi.

Chukua kikasha cha karatasi ngumu kilicho wazi upande mmoja, kipake udongo wa kufinyangia ndani mpaka uzito wake wote ufike gramu 56, kisha kining'inize kwa nyuzi nne zenye kimo cha wima cha mita 1, ili kiyumbe bila kujipinda. Kiweke mkabala na ncha ya reli, karibu sana kiasi kwamba mpira unaingia kabla haujaanza kushuka. Nyuma yake laza rula, na juu ya rula uweke kipande chepesi cha karatasi iliyokunjwa, ambacho kikasha kitakisukuma na kukiacha pale kilipofika. Achilia mpira kutoka alama ileile ya sentimita 20.

Kikasha kikisogea sentimita 16, kasi ya kikasha na mpira pamoja ni x√(g/L), ambapo x ni umbali kiliosogea na L ni kimo cha nyuzi, yaani 0.16 × 3.13, ambayo ni mita 0.50 kwa sekunde. Uzito wa pamoja ni gramu 84, mara tatu ya ule wa mpira, na kwa kuwa momenta haipotei katika mgongano, mpira ulikuwa ukienda mita 1.50 kwa sekunde. Mwanafunzi asijaribu kufika hapo kwa kulinganisha nishati kabla na baada, kwa sababu theluthi mbili ya nishati ya kwenda mbele imeishia ndani ya udongo uliobonyea.

Meza ilitupa 1.53 na pendulamu imetupa 1.50. Zikikaribiana hivyo, kazi imekamilika. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi, angalia kwanza kama karatasi iliyokunjwa ilisukumwa au ilirushwa mbele, kwa kuwa ikirushwa hukupa x kubwa isiyo ya kweli. Kisha angalia kama kikasha kilijipinda mpira ulipoingia pembeni. Na mwisho kabisa, urudishe mpira kwenye ncha ya reli uone kama bado unatulia pale bila kubingirika.